Mwenye Kamba

Mpima mashamba wa chama chetu cha wakulima alikuwa na vidole vilivyochubuliwa na kamba, na kila akifika mpakani hukohoa kwanza, kama anayeipigia ardhi hodi. Kahawa ya mtu hakunywa kabla ya kumaliza kupima. Mfalme alikuwa ameshaondolewa, na serikali mpya ya Addis ikawanyang'anya makabaila mashamba yao, ikasema ardhi ni ya anayelima. Lakini kwetu mwanamke hashiki plau, na mimi ni mjane. Tulipofika kwenye shamba la tefu, nafaka yetu ya chakula, nililolipalilia tangu niolewe, mkulima mwenzetu Gebeyehu akapaza sauti mbele ya watu: "Mama Tsehaynesh, wewe unalima na nini, mwiko?" Wakacheka. Sikuinamisha kichwa. Mpimaji akakohoa. "Gebeyehu ndugu yangu, anayevuta plau ni ng'ombe. Sasa shamba nimpimie yeye?" Alisema polepole tu, ila kicheko chote kikamgeukia Gebeyehu. Kisha akanipa ncha ya kamba. "Shika, mama, uikaze. Ikilegea, unajipunja mwenyewe." Nikaivuta mpaka yeye akapepesuka.