Sentensi ya Kumi na Mbili

Tarehe 4 Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Ulikuwa bado umefungwa Aprili 1983, wakati Eunike, mhudumu wa zahanati wa Mwika, karibu na mpaka huo, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, alipotia bahasha kwenye sanduku la posta. Hofu ilimjia siku tatu baadaye.

Bahasha ilikwenda Dar es Salaam, kwenye chuo kilichofundisha Kiingereza kwa njia ya posta. Bila cheti cha chuo hicho asingepokewa kwenye mafunzo ya ukunga. Kila wiki mbili alijaza maneno kumi na mawili: neno, maana yake, kisha sentensi ya mfano. Juu ya kila karatasi lilichapwa sharti: sentensi itokane na maisha halisi ya mwanafunzi, iliyonakiliwa kwenye kamusi haitapewa alama. Eunike, aliyelelewa katika usharika wa Kilutheri, hakuona njia ya kulikwepa bila kusema uongo. Kwa neno "swollen", iliyovimba, aliandika miguu ya mama mjamzito aliyemhudumia juzi. Neno la mwisho lilikuwa "conceal", kuficha. Aliandika: "My husband conceals four cartons of Kenya soap above the cows."

Ilikuwa kweli. Mumewe, Aminieli, alikuwa amepitisha katoni nne za sabuni ya Kenya kwenye vijia vya msituni na kuzificha darini, juu ya ng'ombe waliolala ndani ya nyumba, chini ya majani makavu ya migomba.

"Kwa Kichagga nisingethubutu kulisema," aliniambia Eunike. "Kwa Kiswahili nisingethubutu kuliandika. Kwa Kiingereza niliona kama limesemwa na mtu mwingine."

Siku ya tatu msako wa serikali dhidi ya wahujumu uchumi, yaani walioficha bidhaa au kuzivusha kwa magendo, ulifika Mwika. Land Rover ilisimama kwa Melkior, mwenye duka, ikaondoka naye pamoja na mifuko miwili ya sukari. Watu walinong'ona kwamba waliochukuliwa hawapati dhamana. Eunike akakumbuka kwamba juu ya karatasi yake ameandika jina, kijiji na sanduku la posta.

Asubuhi iliyofuata alikuwa Moshi mjini, kwenye dirisha la posta.

"Kaka, naomba unirudishie barua yangu. Nimeituma juzijuzi."

"Mama, barua ikishaingia sandukuni si yako tena," alijibu karani. "Na mifuko ya Dar imeondoka jana. Kwani uliandika nini? Umemtukana shemeji?"

Foleni ikacheka.

"Nimekosea herufi," alisema Eunike.

"Watu wa Mwika! Herufi moja tu, mtu anapanda basi!"

Naye alicheka, akihofia kwamba asiyecheka angetazamwa. Hata hivyo, hakuthubutu kugeuka kuona ni nani aliyesimama nyuma yake.

Nyumbani alimweleza mumewe. Aminieli alikuwa akikata majani ya ng'ombe. Aliweka panga chini taratibu.

"Umeandika jina langu?"

"Nimeandika 'mume wangu'."

"Una waume wangapi, mama Elifuraha?"

Hakupaza sauti. Eunike anasema afadhali angefoka.

Jumapili, majirani wakiwa ibadani, walizifukia sabuni zote kwenye shimo la samadi. Kuanzia hapo ushahidi pekee ulikuwa sentensi moja, mikononi mwa mtu wasiyemjua. Wiki sita Eunike aliishi akisikiliza magari. Injini ikipanda kilima, aliacha bomba la sindano mezani na kusubiri gari lipite. Aminieli alihamia kulala kibandani, mwisho wa kihamba, shamba lao la migomba. Somo lililofuata hakulituma.

Bahasha ilirudi mwanzoni mwa Juni. Aliifungua chooni, mlango ukiwa umekomewa. Sentensi kumi na moja zilikuwa na alama ya vema kwa wino mwekundu. Mahali pa sentensi ya kumi na mbili palikuwa na tundu la mstatili, lililokatwa kwa wembe, kingo zake zimenyooka. Chini iliandikwa 12/12. Hapakuwa na maelezo.

"Aliyekata ametuokoa," Aminieli alisema.

"Au amekiweka kile kipande."

Usiku huo pia Aminieli alilala kibandani. Alirudi ndani Novemba tu, mpaka na Kenya ulipofunguliwa. Hakuna aliyekuja kumwuliza chochote. Eunike hakutuma karatasi nyingine, na hakuwahi kuwa mkunga.

Nimeishika karatasi hiyo. Orodha ya wasahihishaji wa mwaka huo sikuipata chuoni. Jina la aliyekata halijulikani, wala kama alikata ili kuwaficha au ili kuhifadhi ushahidi. Kipande chenyewe hakijulikani kilipo.