Mama Mpiga Chapa Aliponisifia

Chuo kilitufundisha kompyuta kwa ubao na chaki, kisha kikatuambia digrii haitoki mpaka mtu akafanye mafunzo kwa vitendo. Hata ukifaulu masomo yote ya darasani, ilikubidi ujitafutie ofisi ya kukupokea likizo ndefu, uitengenezee mfumo unaofanya kazi, mkubwa wa ofisi akusainie kila wiki, halafu mhadhiri aje bila taarifa akukague. Ukikwama hapo unarudia mwaka. Serikali ilikuwa imeshaanza kujitoa kwenye gharama za wanafunzi, kwa hiyo kwangu kurudia kulikuwa na maana ya kurudi Salale kwa baba yangu mkata mikoko, nikae nisubiri wa kwanza atakayeleta posa. Wenzangu wenye wajomba mjini walipata mabenki. Mimi nilipata Kibiti.

Ofisi yenyewe ilikuwa kituo cha shirika moja la umma lililokuwa likinunua korosho. Nilipofika, korosho zilikuwa zinanunuliwa na watu binafsi waliokuja na malori yao, na shirika lilikuwa limebaki na maghala na wafanyakazi. Kila mtu alijua kwamba watu watapunguzwa kabla shirika halijauzwa. Nani na nani, hakuna aliyejua. Mlinzi ambaye zamani alikuwa akisinzia getini alianza kumpigia meneja saluti. Wafadhili waliwahi kuacha pale kompyuta moja, nayo meneja aliifunika kwa kitambaa cha kufuma na kukataza isiguswe, maana Kibiti haikuwa na umeme na jenereta iliwashwa wakija wageni tu. Nilimbembeleza mpaka akakubali iwashwe asubuhi, mafuta yakiwepo.

Aliyenipokea alikuwa mpiga chapa wa ofisi, mama mjane, Mkristo wa bara aliyeletwa huku kikazi tangu akiwa msichana. Aliagizwa anionyeshe mafaili tu, yeye akanichukua mzima mzima. Alisema hawezi kumwacha mtoto wa kike alale gesti na madereva wa malori. Ramadhani iliponikuta pale, alinipikia futari ya mihogo kila jioni, ingawa yeye mchana alikuwa ameshakula ugali wake. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya shirika. Huko kwao alikuwa na mabinti wawili sekondari, na ada yao ilitoka kwenye taipureta yake ya ofisini. Aliniambia jambo hilo huku akichambua mchele, kwa sauti ya kawaida kabisa: wakimpunguza, nyumba anatoka na watoto shule basi.

Mfumo wangu, niseme kweli, ulikuwa kichekesho. Ulitakiwa uhesabu magunia yanayoingia na kutoka ghalani, kisha utoe ripoti ya wiki ya kupeleka makao makuu. Jenereta ikikohoa mara moja tu, kila nilichoandika kilipotea, nami nilianza upya huku nikisonya. Lakini makao makuu hayakuwa na subira na jenereta yetu. Kwa hiyo mama alichapa ripoti mwenyewe kwenye meza ya pembeni, nakala na karatasi za kaboni, kama alivyofanya miaka yote, na akimaliza ananigeukia kuuliza mgonjwa wangu anaendeleaje. Mgonjwa ilikuwa kompyuta.

Mhadhiri alifika mchana mmoja akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Meneja akaamuru mafuta yatiwe, jenereta ikanguruma, na kwa mara ya kwanza mfumo haukuzima. Nilidhani nimepona. Kumbe yule bwana hakuja kutazama mashine. Chuo kilitaka mwanafunzi athibitishe kwamba mfumo wake umewasaidia watu wa ofisi, na njia ya kuthibitisha ilikuwa kuwauliza wenyewe. Alivuta kiti akakaa mbele ya mama na kumwuliza kazi ilikuwaje zamani, na sasa ikoje.

Hapa pwani na huko kwao bara, jambo hili ni moja. Mgeni akija kumwangalia mtoto wa nyumbani kwako, unamsifia. Humsemi uvivu wake wala chakula alichounguza. Mama alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaanza.

"Mwalimu, huyu mtoto ametuokoa. Kazi niliyokuwa naifanya wiki nzima, mashine yake inaimaliza asubuhi moja."

Mhadhiri aliandika. Meneja alikuwa amesimama mlangoni na kijiti mdomoni, na nilimwona akiacha kukitafuna. Nikakumbuka kwamba kuna watu wa kupunguzwa. Sikuweza kumkatiza mtu mzima mbele ya wageni, achilia mbali kumwambia anasema uongo, na digrii yangu iko kwenye kalamu ya yule bwana. Nilifanya kilichowezekana. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akanitupia jicho, na kutoka kwenye uso wake nikajua amenielewa vibaya: alidhani naomba aongeze.

"Mimi siku hizi sina kazi kabisa," akasema. "Nakaa tu hapa nafuma vitambaa."

Mhadhiri alicheka kwa furaha, akasema hiyo ndiyo faida ya teknolojia. Meneja akasogea ndani, akauliza kwa heshima kama mfumo kama huo unaweza kuwekwa kwenye vituo vingine pia.

Jioni nilimweleza mama alichokifanya. Aliacha kukoroga, akashika mwiko hewani. Kisha akasema meneja anamjua siku zote, na kila ripoti anayosaini anaona nani ameichapa. Aliuliza kama mwalimu wangu ameondoka ameridhika. Nikamwambia ameridhika sana.

"Basi kula," akasema.

Nilifaulu. Ripoti ya mafunzo ndiyo iliyonipa alama za juu kuliko zote nilizowahi kupata, na mhadhiri aliandika pembeni kwamba mfumo umepunguza mahitaji ya wafanyakazi. Nilisoma maneno yale nikajisikia vibaya, lakini mwenzangu aliyekuwa anarudia mwaka alikuwa amekaa kando yangu, nikaikunja karatasi.

Nilipomaliza chuo na kurudi nyumbani, basi lilisimama Bungu, na wauza korosho wakakimbilia madirishani na sinia zao. Niliitambua sauti kabla ya uso. Nikateremka.

Mama alinieleza akiwa amesimama, sinia kiunoni. Yeye ndiye aliyepunguzwa wa kwanza, kabla hata ya mlinzi. Nyumba walimpa mwezi tu atoke, akapata chumba hapo Bungu. Binti mkubwa ameacha shule, mdogo bado wanamvumilia. Kompyuta imerudishiwa kitambaa chake, maana nilipoondoka hakuna aliyejua kuiendesha, na ripoti sasa anaandika mtunza ghala kwa mkono. Hilo la mwisho lilimchekesha. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira na meneja, na chuo, na yule bwana na swali lake, na zaidi nilikuwa na hasira kwamba mama hana hasira na mimi.

Akaniuliza kama nilifaulu. Nikamwambia ndiyo, mama, nilifaulu.

"Na cheti umeshapewa? Hawawezi kukunyang'anya?"

Nikasema hawawezi. Akaweka sinia chini, akanishika mkono, akatazama huku na huku kama kuna anayesikiliza.

"Basi mwambie yule mwalimu wako amwandikie meneja," akasema. "Mwambie nilitia chumvi. Zile ripoti nilikuwa nachapa mimi."

Konda alikuwa ameshaanza kugonga bati la basi, naye bado ameushika mkono wangu, anasubiri niseme ndiyo.