Mpingo wa Kivulini

Siku ya kwanza kazini sikupewa kifaa chochote. Nilifika karakana ya ushirika pale Lindi mjini nikitokea kwetu Kiranjeranje, nimevaa shati la kuazima, nikaamkia kwa adabu zote. Fundi Mkuu, Mmakonde mwenye vidole vifupi vinene, aliitikia "Marahaba" bila kuinua kichwa, kisha akanitia mkononi kisu cha kukunja.

"Kishike. Usikifungue."

Nikakishika hadi adhuhuri. Ndipo akaniuliza mpini wake ni wa nini. Nikajibu ni wa chuma, maana ulikuwa mzito na wa baridi. Mafundi walicheka mpaka wakaweka tupa chini. Kumbe ni mpingo, ule ule tuliokuwa tukichomea mkaa nyumbani.

Ninyi vijana mmezoea visu vya mpini wa plastiki vinavyomwagwa chini sokoni, kwa hiyo niwaeleze. Kisu cha kukunja kina bapa, ndilo lenye makali, na sisi bapa zetu zilifuliwa kutoka springi za malori mabovu. Bapa hujificha kati ya mbavu mbili, yaani vipande viwili vya mpini, vinavyoshikwa kwa ribiti, vijimisumari vya shaba. Kazi yangu ilikuwa mbavu. Pembe ya ng'ombe tuliilainisha kwa maji ya moto kabla ya kuinyoosha kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma. Mfupa tuliuchemsha kutoa mafuta, la sivyo ungegeuka njano kama meno ya mvuta tumbaku. Lakini mpingo haukubali moto wala maji. Mpingo unataka kusubiriwa tu.

Nyuma ya karakana kulikuwa na chumba kisicho na dirisha tulichokiita kivulini. Humo vipande vya mpingo vililala ndani ya masanduku ya vumbi la mbao, ncha zimepakwa nta ili mti usikauke kwa pupa ukapasuka. Vililala miaka saba, minane. Wiki ile ile ya kwanza Fundi Mkuu alinipeleka huko, akanipa vipande sita vibichi nivipake nta mwenyewe.

"Hivi nitavichonga lini, mzee?" nikamuuliza.

"Wewe? Huvichongi. Wewe utachonga nilivyoweka mimi, na mimi nachonga nilivyovikuta. Hivi ni vya atakayekuja. Umenielewa, mwanangu?"

Nilisema nimeelewa. Nilikuwa mwongo.

Mtu aliyenifundisha kukipenda kisu hakuwa fundi. Alikuwa Mzee Gulamu, mwenye duka la vitambaa karibu na soko, Mhindi aliyezaliwa Lindi kama baba yake. Alikuwa akikusanya visu vya kukunja vya pwani yetu kama wengine wanavyokusanya stempu. Alivitunza kwenye droo iliyotandikwa kitambaa cheusi, na kila kimoja alikijua kilichongwa na nani. Alipitisha ukucha pale shaba inapokutana na mti. Ukucha ukikwama, alikurudishia kisu. Alikifunga sikioni asikilize mlio. Kisha alikutazamisha rangi, jinsi jasho la mwenyewe linavyoufanya mpingo uzidi kuwa mweusi miaka inavyokwenda. Siku aliyokubali kisu changu cha kwanza nilitembea mjini nikimsalimia kila mtu, hata nisiyemjua.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Kilwa Masoko kuchagua magogo porini. Msimamizi wa Tawi alikuwa mtu wa tai na madaftari, hakujua mpingo wala mwembe, lakini alikuwa muungwana na aliniacha nifanye kazi. Niliporudi Lindi, Fundi Mkuu alikuwa anastaafu. Hakutoa hotuba. Alinikabidhi nafasi yake na ufunguo wa kivulini, akaniuliza swali moja tu: "Umeweka vyako?" Nikamwambia nimeweka. Safari hii sikuwa mwongo.

Kisha zikaja siku za ruksa, bidhaa za nje zikafunguliwa mlango. Maduka yaliyokuwa matupu yalijaa, na sikatai, watu walifurahi, hata mke wangu alifurahi. Lakini ndani ya sanduku la bidhaa za nje kulikuwa na vile visu vya plastiki, vyekundu na vya kijani, na mkulima wa Mchinga hakuona sababu ya kuja kwetu tena. Ushirika ukalegea. Karakana ikapata mwenyewe mpya, naye akatuletea Meneja kutoka Dar es Salaam, kijana mchangamfu asiye na ubaya wowote, nami hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana nikitafuta wa kumlaumu simpati yeye.

"Mzee wangu, kuna wateja Ulaya wanakusanya visu," aliniambia. "Wanataka mpingo. Wanataka vingi, na vifike kabla ya masika. Tukiwapa, karakana inapona. Tukishindwa, tunafunga."

"Mpingo mkavu hautoshi."

"Chumba kizima kile?"

"Ule ni wa watakaokuja."

"Watakuja wapi, mzee, karakana ikifungwa?"

Nikafungua kivulini kwa mkono wangu. Tulichonga vipande vya Fundi Mkuu, tukachonga vyangu, hata vile sita vya wiki yangu ya kwanza. Vilipokwisha, kazi ilikuwa imefika nusu tu. Ndipo nikafanya jambo ambalo hata mwanafunzi wa mwezi mmoja hafanyi. Nilichukua mpingo mbichi, nikaukausha pembeni ya jiko la mkaa, na nyufa zilizotokea nikaziziba kwa gundi na unga wa mpingo. Baada ya msasa na nta vyote viling'aa sawasawa. Tulivipanga pamoja, vikachanganyika, na mimi Fundi Mkuu nikishika kimoja sikuweza kujua ni kikavu au ni kibichi.

Wakati tunafunga masanduku, Mzee Gulamu alikuja kuomba kisu kimoja cha kazi hiyo. Nilimpa cha juu. Alipitisha ukucha, haukukwama, akanishukuru. Nikamwomba Mungu kiwe kikavu.

Masanduku yalirudi kutoka Ulaya. Mbavu zilikuwa zimepasuka na kubanduka kwenye ribiti, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kutenganisha vizima na vibovu, vilikataliwa vyote. Karakana ilifungwa. Meneja alinipa mkono, akarudi kwao. Kile chumba kikawa ghala la vile vile visu vya plastiki, na ndivyo nilivyostaafu.

Niliogopa kupita karibu na duka la vitambaa. Nilipojikaza na kwenda, kiangazi kilikuwa kimekwisha. Mzee Gulamu aliagiza chai, akaulizia wajukuu, kisha akavuta droo mwenyewe bila kuombwa. Kile kisu nilichompa siku ya masanduku kilikuwa ndani, kimelala ubavuni mwa kisu cha Fundi Mkuu. Kilikuwa na ufa kutoka ribiti hadi ribiti, unaingia ukucha mzima.

"Kitoe humo, Mzee Gulamu," nikamwambia. "Nakuomba. Kinaniaibisha."

"Mimi nakusanya visu vya Lindi, fundi. Na hiki ni cha Lindi. Cha mwisho."

"Basi nipe nikibadilishe mbavu. Mikono ninayo bado."

Alikitoa, akakiweka mezani mbele yangu, akanitazama kwa huruma.

"Utaweka mpingo gani?"

Nilikitazama kile kisu mpaka chai ikapoa. Kisha nikakirudisha mwenyewe kwenye kitambaa cheusi, nikaisukuma droo ikafunga.

Sasa naishi Kilangala kwa binti yangu. Uvunguni mwa kitanda changu kuna sanduku la vumbi la mbao na vipande sita vipya vya mpingo, ncha nimezipaka nta. Havijakauka. Vikikauka mimi sitakuwepo, na hapa nyumbani hakuna anayejua kuchonga mpini. Juzi binti yangu aliniuliza kama anaweza kuvitia jikoni viwe kuni.