Filimbi Ililia Kabla Kimya Hajamaliza

Sikuwa na kofia ya kuendeshea baiskeli. Sikuwa na kaptura zile za kubana, wala viatu vinavyonasa kwenye pedali. Sikuwa na jino moja la mbele. Sikuwa na mke, alishatangulia. Cheti cha shule sikuwa nacho mpaka nilipokwenda kukisaka kwenye masomo ya jioni, ndevu zikiwa zimeshaanza kuwa nyeupe.

Na sikuwa na jibu la maana kwa swali dogo kabisa: ukiacha baiskeli, unapenda nini kingine?

Usilicheke swali hilo. Ndilo lililomfanya mtu ninayemjua apigwe na pampu ya chuma mpaka akatema damu, asubuhi ya Jumapili, jua likiwaka, mimi nikiwa nimelala pembeni yake barabarani.

Hapakuwa na ugomvi wa mwanamke. Hapakuwa na deni. Ni swali tu.

Nianzie juu ya mlima.

Sisi ni kikundi kidogo cha wapanda baiskeli. Si watu wa mashindano, ni watu wa kutoa jasho na kupiga soga. Kiongozi wetu ni mama mmoja mkunga mstaafu, nasi tunamwita hivyohivyo, Mkunga. Shingoni ananing'iniza filimbi.

Filimbi ile ndiyo serikali yetu. Tukifika kileleni tunapumzika kwenye ukuta wa kiwanda cha matofali kilichokufa. Mkunga akipuliza, kila mtu anapanda baiskeli yake. Hata kama ulikuwa katikati ya sentensi, unaimeza.

"Nikisubiri mmalize hadithi zenu," aliwahi kutuambia, "tutazikwa hapahapa."

Alisema kweli. Kuna siku Bucha, mwenzetu mwenye duka la nyama, alianza kisa cha shemeji yake asubuhi, tukarudi nyumbani tumeungua kama mkaa.

Wa tatu ni Dereva. Huyu huendesha lori la mizigo. Shingo kama gogo, mabega kama mlango, maneno kidogo. Alikuwa na glovu zake za kufunika vidole vyote, na hazivui hata akila ndizi. Tukimtania anasema ngozi yake ni laini.

"Laini kama tairi la lori," Bucha humjibu.

Mimi nilikuwa mchomeleaji wa vyuma maisha yangu yote. Wananiita Mwanafunzi, kwa sababu ya yale masomo ya jioni. Walidhani nitaudhika. Kumbe kila wakiniita navimba kichwa.

Jumapili hiyo tulikuwa na mgeni, safari yake ya pili nasi. Fundi rangi, mwembamba, mpole, kucha zake bado zina madoa ya rangi nyeupe. Tukamwita Kimya.

Ni Bucha aliyeleta swali, ili mgeni achangamke.

"Mimi nikimaliza kukata mifupa," alisema, "naenda kwaya. Naimba sauti nyembamba."

"Wewe? Na tumbo hilo?" Mkunga akamkazia macho.

"Hata ng'ombe hawaamini, mama. Na wewe je?"

"Mieleka. Kwenye televisheni. Nikiona mtu amemkalia mwenzake mgongoni anamvuta kidevu, usiku huo nalala vizuri."

"Mama Mkunga, wewe umezalisha nusu ya mji huu."

"Ndiyo maana. Miaka yote nimeshika watu polepole."

Tulicheka mpaka nikapaliwa na maji. Bucha akamgeukia Dereva.

"Haya, baba mwenye ngozi laini."

"Gunia," Dereva alisema. "Nimelijaza mchanga, nimelitundika nyuma ya nyumba. Kila jioni nalipiga mpaka mikono inakufa ganzi."

"Limekukosea nini?"

"Halisemi. Ndiyo uzuri wake."

Zamu yangu nikasema ninasoma vitabu. Bucha akasema hiyo si hobi, hiyo ni kazi ya nyumbani. Iliniuma.

Tukamwangalia Kimya.

"Mimi," alisema, akiifuta chupa yake ya maji kwa shati, "ninamtafuta mtu."

Bucha akatoa mguno. "Mchumba?"

"Dereva wa lori. Ni zamani kidogo. Dada yangu alikuwa anashuka mteremko na baiskeli, lori likamgonga kwenye kona. Yule dereva akambeba mikononi mpaka zahanati, akamlaza kwenye benchi, akatoweka. Nesi alikumbuka kitu kimoja tu. Mkono wa kushoto, kidole cha kati hakipo."

Akatabasamu kidogo, kama mtu anayeona aibu.

"Basi tangu siku hiyo kila nikiwa barabarani natazama mikono ya madereva. Imekuwa kama mchezo. Wenzangu wanahesabu ndege, mimi nahesabu vidole."

"Anza na huyu," Bucha akasema, akimwonyesha Dereva kwa kidole gumba. "Ana lori, na sura ya kutoweka anayo."

"Huyu nimeshamhesabu kwenye glovu," Kimya akasema. "Vyote vipo."

Sote tukacheka. Dereva hakucheka.

Alikuwa ameshika chupa kwa mkono wa kushoto. Vidole vimekunjika kuizunguka, isipokuwa kimoja. Kidole cha kati cha ile glovu kilikuwa kimenyooka wima. Kilikuwa kimejazwa kitu, pamba au kitambaa, lakini mfupa hapana.

Nikakitazama tena kile kidole.

"Na ukimpata?" Bucha aliuliza.

Kimya akaweka chupa chini. "Nikimpata, kitu cha kwanza nitakachomfanyia..."

Prriiiii!

Mkunga alikuwa akitazama mawingu, hata hakusikia wamefika wapi. Filimbi ikalia, na Kimya, mgeni mwenye adabu, akalimeza neno lake kama sheria inavyosema. Akainuka, akapanda.

Nikamtazama Dereva. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, taya linacheza. Nikajiambia: Mwanafunzi, usikurupuke. Mkifika chini, mwite pembeni, muulize kiungwana.

Chini hatukufika.

Usiyeendesha baiskeli nikueleze jambo. Tukishuka tunakwenda mmoja nyuma ya mwingine, karibu karibu. Wa nyuma haoni barabara. Anaona tairi la aliye mbele yake, basi. Kwa hiyo wa mbele akikuta shimo anashusha mkono na kulionyesha, wa pili naye anashusha, mpaka ishara ifike mwisho wa mstari. Maisha yako yako kwenye mkono wa mwenzako.

Mbele alikuwa Dereva. Nyuma yake Kimya. Kisha mimi. Mkunga na Bucha walikuwa mbali kidogo, breki zao zikilia kama watoto.

Kwenye kona ya chini kuna mtaro ambao wezi wa vyuma walishaiba mfuniko wake. Dereva analijua shimo lile kama mlango wa nyumba yake. Kila Jumapili hulionyesha mapema.

Siku hiyo mikono yake ilibaki kwenye usukani. Akalipita kando, upana wa kiganja.

Tairi la Kimya likazama.

Mlio wake sitausahau. Chuma kikakatika, kisha kitu kizito kikaanguka juu ya lami, kisha mfupa. Aliruka juu ya usukani akatua kwa bega na shavu. Mimi nilibana breki, haikusaidia. Nikampanda, nikaruka, nikala lami. Jino langu la pili la mbele likabaki pale.

Nilipofungua macho nikamwona Dereva amegeuza baiskeli, anakuja. Nikashukuru. Nikadhani anakuja kutusaidia.

Akachomoa pampu kwenye fremu.

Pigo la kwanza lilitua kwenye mkono aliouinua Kimya kujikinga. Ule mkono ukapinda mahali pasipo na kiungo. La pili mbavuni. La tatu mdomoni.

"Ulikuwa unanitafuta," Dereva alisema. Hakupaza sauti. "Haya. Umenipata."

Akaivua glovu kwa meno, akamwonyesha ule mkono wenye pengo, kisha akaendelea kupiga. Alikuwa anampiga kama gunia lile la nyuma ya nyumba. Kimya alikuwa anajaribu kusema kitu, damu inamzuia, na kila akifungua mdomo anapigwa hapohapo.

Mimi ni mzee. Sikuandikiwa ugomvi. Lakini kiunoni huwa nazungusha mnyororo wa kufungia baiskeli, niliouchomelea mwenyewe, pete kwa pete.

"Muache," nilisema.

Akanigeukia, akanitandika pampu ya mbavu. Nikasikia ndani kumefanya kach. Akanikamata shingo, akanigandamiza kwenye lami, na macho yake, ndugu zangu, hayakuwa na hasira hata kidogo. Yalijaa woga. Nilikuwa nanyongwa na mtu anayeogopa kuliko mimi.

Dunia ikaanza kuwa nyeusi pembeni. Mkono wangu ukaupata mnyororo.

Nilimpiga mara moja, tayani. Sikupima nguvu. Taya likahama upande, akaniachia, akapiga magoti huku ameshika uso. Akaokota tena pampu, akatambaa kuelekea kwa Kimya.

Hapo ndipo Mkunga alipofika.

Hakuuliza. Aliitupa baiskeli ikiwa bado inakwenda, akamrukia Dereva mgongoni, akamlaza kifudifudi, akamkalia, akamshika kidevu kwa mikono miwili na kuvuta. Lile taya lililovunjika. Dereva akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima.

"Jisogeze nione," Mkunga alimwambia, akihema. "Jisogeze."

Bucha akaja akamshika Kimya kichwa. Mtu anayechinja maisha yake yote alikuwa analia, anafuta damu kwa kitambaa cha kwaya.

Kimya akatema. Akatafuta pumzi.

"Niacheni nimalize," alisema.

"Usiongee, mwanangu," Mkunga akasema.

"Niacheni. Juu kule sikumaliza." Alikuwa anamtazama Dereva, jicho moja limefumba. "Kitu cha kwanza nitakachomfanyia nikimpata... ni kumpigia magoti."

Bucha akaacha kufuta damu.

"Waya wa breki wa dada niliufunga mimi. Asubuhi ileile. Sikuukaza. Alishuka mlima hana breki, akaingia mbele ya lori. Huyu hakuwa na kosa. Nimemtafuta miaka yote nimwambie hakuwa na kosa."

Dereva, lami shavuni, akasema kitu. Taya halikumruhusu. Akarudia, nasi tukaelewa: "Alikufa."

"Hakufa," Kimya akasema. "Ulimfunga mguu kwa shati lako, damu ikakatika. Anachechemea kidogo. Ni fundi cherehani. Kila akinipigia simu ananiambia, ukimwona nisalimie."

Mkunga akaachia kidevu. Dereva hakuinuka. Alilala palepale na ule mkono wenye pengo umefunika macho, mabega yakipanda na kushuka, mpaka gari la polisi likaja.

Ndivyo ilivyokuwa. Mtu amepiga gunia miaka yote kwa ajili ya maiti aliyekuwa anashona magauni.

Nilikwenda kumwona Dereva hospitali mbavu zangu zilipopoa kidogo. Askari alikuwa mlangoni, kesi haijaisha, na haistahili kufutwa, kwa maana bega la Kimya halitarudi kama zamani. Kimya mwenyewe alishamtembelea kabla yangu, mkono ukiwa kwenye plasta. 

Taya la Dereva lilikuwa limefungwa nyaya. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi. Akanitikisia kichwa, akanionyesha kalamu iliyokuwa mfukoni mwangu, kisha akachora bahasha hewani, kwa maana yeye hajui kuandika.

Kwa nani, sikuhitaji kuuliza. Yule dada anaishi mji mwingine, na anwani Kimya alikuwa ameiacha juu ya kabati dogo.

Nikavaa miwani. Nikaanza: "Kwa heshima na taadhima, ninachukua fursa hii adhimu..."

Akatikisa kichwa.

"Kwa moyo uliojaa simanzi isiyo kifani..."

Akatikisa kichwa, akakunja ngumi. Nikafuta. Nimesoma jioni nyingi sana ili nijue maneno makubwa, na siku ile yote niliyatupa kwenye kikapu cha wodini. Mwishowe alikubali, tukabaki na haya:

"Mimi ndiye wa lile lori. Nisamehe kwa mguu. Nisamehe na kwa kaka yako, nilimpiga kabla hajamaliza kusema. Salamu zako zimenifikia."

Siku hizi Mkunga, kabla hajapuliza, anatuzungushia macho mmoja mmoja na kuuliza: "Kuna mwenye neno halijaisha?" Bucha kila mara analo. Tunamsubiri, tunaungua jua, hatulalamiki.

Mimi niliyeuguza mbavu nakuachia hili: ukiona mtu amekatizwa maneno, usimmalizie wewe kwa hofu yako. Msubiri amalize, hata kama unadhani anakuja kukuua. Na ukiniuliza leo hobi yangu nyingine ni ipi, nina jibu. Naandikia watu barua.

Ile ya kwanza Dereva aliitia alama yake kwa mkono wa kushoto, polepole. Kwa nyaya zile mdomoni hakuweza kulamba gundi, kwa hiyo nililamba mimi, na pengo langu jipya likaacha doa dogo jekundu pembeni ya kifuniko. Nikaibandika, nikaigandamiza juu ya goti mpaka ikashika, nikaenda nayo posta kwa miguu, nikaitumbukiza.