Posho ya Siku za Mvua

Nilikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa la Mjerumani mmoja, kwenye miteremko ya Meru. Masika yalipokolea hatukuweza kuchimba mashimo ya miche, lakini Bwana hakutaka twende kwetu, akihofia hatutaonekana tena. Kwa hiyo kila siku ya kukaa bure alitupa kila mmoja hela tatu, zile sarafu ndogo za Kijerumani, za chakula. Mwanzoni zilitosha. Kisha Makaburu wakapita na magari yao ya ng'ombe, wakanunua kila kinacholika, na bei sokoni ikapaa. Hela zetu zikabaki tatu.

Wenzangu wakanituma nikamwambie Bwana kwamba hazitoshi, maana nilijua Kiswahili kidogo.

"Waongo!" alisema Bwana. "Kesho nitakwenda sokoni mwenyewe na hela tatu, nile kutwa nzima. Wewe utakuwa mkalimani."

Asubuhi alikanyaga tope hadi sokoni, akasimama mbele ya mwanamke mwenye ndizi nzuri. Nikamtambua mara moja. Alikuwa mama mkwe wangu! Kwetu mtu hamtazami mama mkwe usoni, sembuse kubishana naye bei. Nikajificha nyuma ya Mjerumani, nikawa nazungumza na mkanda wake.

"Mwulize mkungu huu bei gani."

Nikauliza. Mama mkwe akaitambua sauti, naye akageuka akautazama mlima.

"Hela tatu ni ndizi nne," aliuambia mlima kwa Kimeru.

"Mwaka jana zilinunua mkungu mzima!" akafoka Bwana.

Nikatafsiri.

"Basi akanunue mwaka jana."

Hilo sikuthubutu kulifikisha. Nikasema, "Anakupa pole, Bwana."

"Pole hailiwi!"

Akalipa, akang'ata ndizi moja kabla sijamwambia kwamba ni za kupika. Utomvu ukamganda kwenye masharubu. Soko zima likashika mbavu.

Tuliporudi shambani alivumilia njaa hadi saa nane mchana, ndipo tukamwona mpishi wake akikimbiza kuku.

Kesho yake tukapewa hela tano. Bwana hakututazama, ila aliniita pembeni. "Kila mwezi utamwuliza mama yule bei. Ikipanda, posho itapanda."

Wenzangu walishangilia. Mimi niliwaza nitamkabili vipi mama mkwe, hadi nilipopata wazo la kumtuma mke wangu kwa mama yake. Kila mwezi alirudi na bei ya juu kidogo kuliko niliyoisikia kwa watu wengine. Nilimpelekea Bwana bei hiyo vilevile ilivyo, wala sikumwuliza mke wangu neno.