Shawarma Nyuma ya Pazia

Mjomba wangu alirudi Bujumbura kutoka Sharja na mchuma mrefu kuliko mimi, umeviringishwa ndani ya mashuka, na pale uwanja wa ndege askari walimfungulisha mzigo huku wamesimama mbali. Enzi zile za vita kitu chochote kirefu kilichofunikwa kilikuwa bunduki mpaka ionekane sivyo. Akaeleza kwamba ni wa kuchomea nyama. Askari mmoja akaupima kwa macho toka juu mpaka chini, akauliza, "Nyama ya nini, ya tembo?" Wakacheka, wakamwacha apite. Baadaye mjomba alipenda kusema kwamba biashara yake ilianzia pale pale: watu wamecheka, hakuna aliyenunua.

Tulikaa mtaa wa Buyenzi, mimi na bibi, katika nyumba yenye baraza pana ya saruji inayotazama barabara. Nilikuwa na umri wa kutosha kutembea bila kuulizwa ninakwenda wapi, ingawa hapakuwa na pa kwenda. Bibi alizaa watoto wa kiume watatu. Mmoja alivuka mpaka kwenda Uvira, Kongo, na familia yake. Wa pili alitoka asubuhi kwenda kutengeneza gari upande wa kaskazini wa mji, na hatukuletewa hata kiatu chake. Mjomba huyu ndiye wa tatu, na alikuwa amerudi kwa kujaribu tu. Kibali chake cha kuishi Sharja kilikuwa hai bado, lakini mtu akikaa nje miezi sita kibali kinakufa, na kupata kingine ni ndoto. Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: biashara ya shawarma, nyama ya mchumani inayofungwa ndani ya mkate, ikishika, anabaki, isiposhika, anapanda ndege kabla ya miezi sita kwisha, na sisi wawili tunabaki na redio yetu.

"Umekuja kuonja," bibi alimwambia siku ya kwanza.

"Nimekuja kujaribu, mama."

"Ni kitu kimoja. Mutu anaonja, anatema."

Jioni alitusimulia habari za kule. Wazee wa wazee wetu walitoka Omani, lakini Kiarabu kilikuwa kimetuishia, kimebaki cha kwenye msala tu, na mjomba alipofika Ghuba walimuuliza anasema lugha ya ndege gani. Alijifunza. Alikata nyama miaka mingi katika duka dogo la pembeni, lisilo na hata mlango, lenye taa nyeupe kali. Magari yanajipanga barabarani, yanapiga honi, mtu anatoa vidole viwili dirishani, na kabla hajafunga kioo ameshaletewa mbili za moto ndani ya karatasi. Matajiri na wapakia mizigo wanakula pamoja, wima, mchuzi unawachuruzika mpaka kwenye viwiko. Nilimsikiliza kama mtu anayesimuliwa pepo. Mji ambao honi maana yake ni njaa! Kwetu honi ikipigwa ghafla, watu walikuwa wanainama.

Mota aliyokuja nayo ya kuzungusha mchuma iliungua siku ile ile alipoichomeka, kwa sababu umeme wetu ulikuwa unakuja kwa hasira na kuondoka bila kuaga. Mafundi magari wa mtaa wakaja kuitazama, wakainusa, wakatikisa kichwa. Kisha wakaenda kwenye gari bovu lililolala kando ya gereji toka kabla ya vita, wakang'oa mota ya wipa, wakaifunga chini ya mchuma na kuunganisha na betri. Gesi haikuwepo mjini, basi wakachomelea kikapu cha chuma cha kusimama wima, cha kujazwa makaa.

Siku ilipowashwa, barabara nzima ilisimama. Nyama ilikuwa imepangwa kipande juu ya kipande, ya ng'ombe na ya mbuzi, nene juu, nyembamba chini, na kipande cha mafuta kimevalishwa kama kofia. Mota ikakoroma. Nyama ikaanza kugeuka, polepole mno, na mafuta yakaanza kushuka yakimeta, yakilowesha kila kipande njiani. Moshi ulibeba iliki, mdalasini na siki. Sijawahi kusikia ukimya wa namna ile Buyenzi, mahali ambapo hata mazishini watu wanabishana kuhusu mpira. Vita vilikuwa vimetuzoesha vitu vya kuanguka, kuungua, kukimbia. Hiki kilikuwa moto uliofanya kazi yake taratibu mbele ya macho yetu, na hakuna aliyetaka kupepesa.

Fundi mmoja ndiye aliyevunja ukimya, akimwita mjomba kwa Kifaransa cha mtaani. "Tonton, iyi nyama inaenda wapi?"

"Inazunguka tu."

"Sasa itafika saa ngapi?"

Kicheko kikapasuka. Walisifu, walishika mikono ya mjomba, walimwombea baraka. Halafu wakaenda kula nyumbani kwao.

Ikawa hivyo kesho yake, na wiki iliyofuata. Mjomba alikuwa amejenga kila kitu kama alivyokiona kule: ameng'oa milango ya mbele, amefunga kioo nyuma ya mchuma, ameweka meza ndefu ya kulia ukingoni mwa baraza, watu wanaopita wawaone wanaokula, watamani. Lakini waliokula pale walikuwa watoto na walevi. Mtu mzima wa Bujumbura, mwenye mke na heshima, hafungui kinywa njiani. Anaweza kukaa ndani ya kibanda cha mishikaki, nyuma ya ukuta wa matete, akamaliza sahani nzima na ndizi zake. Lakini asimame wima, ashike mkate kwa mikono miwili, atafune mbele ya kila anayepita? Hata mume hakutaka mke wake asikie habari hiyo.

"Basi wachukue, wale nyumbani," mjomba alisema. Alikuwa amenunua karatasi nzuri za kufungia.

Hilo nalo halikwenda. Nyumba zetu wakati ule zilikuwa zimejaa ndugu waliokimbia kutoka kila upande. Ukiingia na shawarma moja penye vinywa vyote vile, umeanzisha ugomvi. Na kutembea na harufu ile mbele ya watu waliolala bila kula ilikuwa aibu kubwa kuliko ya kula njiani.

Nyama iliyobaki tuligawa kwa majirani kila siku kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje. Walishukuru sana. Mjomba alianza kuhesabu miezi. Begi lake alilokuwa amelipandisha juu ya kabati likashuka, likakaa sakafuni karibu na kitanda, na kila nilipoingia kufagia nililizunguka kama mtu anayemzunguka mbwa asiyemjua.

Mchana mmoja, baada ya sala ya alasiri, bibi aliingia chumbani kwake akatoka na pazia la mlango wake, zito, jekundu la maua meusi. Akaniamuru nishike upande mmoja. Tukalifunga kwa kamba toka nguzo hadi nguzo, mbele ya baraza yote, mchuma na meza ndani, barabara nje. Liliishia juu kidogo ya vifundo vya miguu.

Mjomba alitoka uani na kisu mkononi, akasimama. "Mama! Unafanya nini? Watu hawataona kitu!"

"Ndiyo sababu."

"Kule wanaweka taa ili duka lionekane, we unaliziba na nguo ya kulalia!"

"Ni ya mulango, si ya kulalia. Na we umekaa sana kwa Warabu, mutoto wangu. Moshi si unapita juu? Batu wana pua. Macho yao wana aibu nayo, pua hawana aibu nayo."

"Apana, mama. Apana."

"We kata nyama."

Mjomba alitaka kulivuta, nikaona mkono wake umeinuka. Lakini mwalimu wa madrasa alikuwa anapita, mtu mzito, mwenye kofia nyeupe iliyopigwa pasi hata siku za risasi. Kila siku alipita upande wetu na kila siku aligeuza uso kama aliyekumbuka jambo kwenye ukuta wa pili. Siku hiyo alisimama. Akatazama barabara upande wa juu, akatazama upande wa chini. Akainua ncha ya pazia, akaingia.

"Assalamu alaykum," tulimsikia. "Niwekee na pilipili."

Nilivuka barabara ili nitazame kwa mbali, na hiyo ndiyo picha ya miaka ile ninayoibeba zaidi ya nyingine zote. Pazia jekundu, moshi juu yake, na chini, miguu. Mwanzo viatu vya mwalimu peke yake. Kisha ndala za mafundi, nyeusi kwa oili. Siku zilizofuata vikaja viatu vya ofisini, vilivyoteremka kutoka mtaa wa Rohero vikiruka madimbwi. Viatu vya kike vyenye visigino, mara mabuti ya askari, mara miguu mitupu yenye vumbi jekundu la milimani. Watu walikuja kutoka Cibitoke, walishuka kutoka Gihosha, watu ambao mitaa yao ilikuwa imefungiana njia, ambao mmoja asingethubutu kukatiza kwa mwenzake hata mchana. Wakati ule tulikuwa tumejifunza ugonjwa wa kusoma nyuso: mtu akitokea, kabla ya salamu ulishampima pua na kimo ujue ni wa upande gani. Pale chini ya pazia hapakuwa na uso. Palikuwa na visigino, vimesogezwa karibu karibu kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo, vyote vimeelekea upande mmoja. Nilipoingia kupeleka nyanya niliona kwa nini. Hakuna aliyemtazama jirani yake. Wote walikuwa wanatazama nyama ikigeuka, midomo inameta, kama watoto.

Nilisimama na beseni langu kichwani mpaka mjomba akanifokea kwamba nyanya zinaiva kwa kungoja.

Si kwamba kila kitu kilinyooka. Fundi wetu mmoja aliingia siku moja upande wa kushoto, akapokea yake, akauma, akageuka kutafuta chumvi. Upande wa kulia, amejaza kinywa, alikuwapo mama mkwe wake, na mkwe na mkwe hawaonani wakila.

"Yesu na Maria!" mama akapiga kelele, ingawa alikuwa Mwislamu.

"Mama mukwe, mi siko hapa!" fundi akajibu, akajitupa chini, akatambaa kutokea chini ya pazia mpaka barabarani, shawarma ameiinua juu isiguse mchanga. Barabara ilicheka mpaka watu wakashika kuta. Wenzake walimwita mjusi mwaka mzima. Bibi alikwenda kuomba pazia la pili kwa jirani, akaigawa baraza katikati: wanawake huku, wanaume kule.

Lakini miezi ilikuwa inakwenda. Ndege ya Nairobi, ya kumuunganisha na ile ya Ghuba, tayari ilikuwa na jina lake, na baada ya siku hiyo kibali kisingemngoja. Mjomba hakusema anakwenda, hakusema anabaki. Bibi hakuuliza. Nilimwona akimtazama mwanawe anapokata, kisu kinashuka kando ya nyama kama kinachoibembeleza, kisha anatazama pembeni haraka. Mji nao haukutusaidia: wiki ile mizinga ilisikika milimani hata mchana, na mara mbili tulifunga mapema. Sikuwa na hoja ya kumwambia mtu abaki mahali kama pale wakati anao mlango wa kutokea. Nilitaka tu abaki.

Ikafika siku ya kuamkia safari. Biashara ilikuwa nzuri. Nyama iliisha mapema, mchuma ukabaki mtupu, unazunguka bure mpaka fundi alipong'oa waya. Sasa, nyama ya shawarma hailiwi siku inayonunuliwa. Inakatwa, inalazwa usiku kucha katika siki, ndimu na viungo, na kesho yake ndiyo inapanda mchumani. Mchana ule beseni kubwa lilikuwa limeoshwa, limeinamishwa ukutani, kavu. Mjomba akavaa viatu, akatoka bila kusema anakwenda wapi.

Bibi alikaa kwenye mkeka uani, anachambua mchele ambao alikwisha kuuchambua. Mimi nilikaa naye. Adhana ya alasiri ikapita. Bibi alisali, akarudi kwenye mchele.

Mteja mmoja alichungulia kwenye mlango wa uani, mtu wa ofisini, tai ameilegeza. "Mama, imekwisha? Mi natoka mbali."

"Imekwisha, mwanangu."

"Na kesho iko?"

Bibi aliinamia mchele, akaokota punje moja, akairudisha pale pale.  Sikuwahi kumwona hivyo, hata siku ile ya mwanawe wa pili. Yule mteja akabaki kashika mlango, hajui amekosa nini.

Mjomba ndiye aliyepita nyuma yake, kwa ubavu, amekumbatia mfuko wa nyama uliokuwa unavuja damu kwenye shati. "Pisha kaka, pisha, ni nzito." Akautua juu ya meza ya uani. Akalishusha beseni. Akatafuta kisu, akakinoa kwenye ukingo wa ngazi, akaanza kukata.

"Iko kesho?" mteja akauliza tena, sasa akimwuliza yeye.

"Saa nane," mjomba alisema bila kuinua kichwa. "Uje mapema."

Mtu yule akaenda zake. Mjomba akamimina siki, akakamua ndimu, akazamisha mikono mpaka kwenye viwiko, akawa anaigeuza nyama taratibu. Nilimtazama mjomba akiuacha mji ule wa Sharja wenye taa, magari na amani ufungwe mgongoni kwake, huku akiuliza chumvi iko wapi.

Bibi aliinuka, akaenda kusimama juu ya beseni.

"Vitunguu haviwezi kutosha," alisema, akaingia ndani kutafuta kapu la soko.