Nyama ya Tomi, Ijumaa ya Kwaresima

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Hamjambo na familia?

Mimi leo nimeaibika.

Bwana mifugo kasema mbwa wangu Tomi amenenepa kwa wali, nimchemshie nyama na mboga, bila chumvi.

Nikabandika. Nikasahau kwamba leo hatuli nyama, na jumuiya inasali kwangu. Na mwenyekiti wao ni mimi.

Wanajumuiya walipofika, mmoja wao, Mama Deo, akanusa. “Dada, hiyo nyama ya nani?”

“Ya mbwa.”

“Mbwa wa hapa hapa Mlabani apikiwe nyama?”

Nikamwita Tomi, nikampakulia mbele yao wote.

Akanusa, akaiacha, akaenda kuramba sufuria ya wali.

Wanajumuiya wengine wakacheka. Mama Deo hakucheka.

Anayempikia mbwa wake nyama anijibu upesi, nimwonyeshe Mama Deo kabla ya misa ya Jumapili.